Mashahidi Arobaini, Mdomo Mmoja

Walimu wetu walitusimulia, nao walisimuliwa na walimu wao, na mlolongo ukivuka hapo siwezi kuudhamini, kwamba katika mji mmoja mdogo wa nchi ya Khurasani aliishi kadhi aliyeitwa Thabiti bin Harmala, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nimeanza na udhaifu wa habari yangu makusudi. Kisa chenyewe kinahusu habari na mahali zinapotoka, na anayekieleza asipouchunga ulimi wake atakuwa wa kwanza kuhukumiwa nacho.

Kadhi Thabiti alikuwa mgeni mjini, hajatimiza mwaka. Alikuwa mcha Mungu, mpole na mwenye haki, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda mno kujua. Ujanani alisoma elimu ya hadithi, na katika elimu ile hakuna kilichomnogea kama sanadi, yaani ule mlolongo wa wapokezi, kwamba fulani ameipokea habari kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwenye chanzo. Wenzake walikariri maneno ya habari. Yeye aliuliza nani alimwambia nani, na siku hiyo walikuwa wapi. Hata akiambiwa bei ya vitunguu imepanda, alitaka kumjua mtu wa kwanza kulisema jambo hilo. Mkewe alikwisha kumzoea, akawa anamtajia majina kabla hajaulizwa.

Watu wa mji walimpenda na kujivunia. Walisema kadhi wao ana akili isiyo na mfano, kwani utotoni alihifadhi Kurani nzima kwa miaka miwili tu. Maneno hayo yalizunguka sokoni na katika hamamu, nyumba ya kuogea ya mji, na kila msafiri aliyeingia mjini aliambiwa kabla hajashusha mizigo yake.

Siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, mfinyanzi mmoja aitwaye Ghasani aliingia katika baraza ya hukumu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo alionekana hakulala vizuri.

“Ewe Kadhi,” alisema, “ndugu yangu na mkewe walichukuliwa na homa mwaka juzi. Wamemwacha binti yao Rumaisa, sasa ana miaka sita. Analelewa na bibi yake mzaa mama, Bi Lubaba. Sheria imempa haki hiyo, nami sikuipinga. Lakini bibi akili zimemwishia. Naogopa, Kadhi. Siku moja atasahau moto jikoni, au atamsahau mtoto njiani. Nipe mtoto nimlee pamoja na wanangu.”

“Una mashahidi kwamba hana akili?”

“Ninao arobaini.”

 Mwenye kumlea mtoto ni sharti awe na akili timamu, na hilo halikuwa na ubishi. Kadhi akaamuru Bi Lubaba aitwe. Bibi akaja taratibu akiegemea mkongojo, mjukuu ameshika pindo la ushungi wake. Aliposomewa madai hakulia wala hakugombana.

“Mtoto huyu ndiye pekee aliyebaki katika kizazi changu,” alisema. “Lakini wasikilize mashahidi kwanza, Kadhi. Mimi nipo.”

Rumaisa alipoelewa kinachozungumzwa alijificha nyuma ya bibi yake, wala hakuonekana tena mpaka walipoondoka. Mimi kila nikifika hapa katika kukieleza kisa hiki roho huniuma, nami ninajua kinavyokwisha.

Shahidi wa kwanza alikuwa Hunaifu, mwoka mikate. Alisimama kifua mbele. “Kadhi, Bi Lubaba amepungukiwa na akili. Mji mzima unajua.”

“Mji sijauita,” Kadhi alisema. “Nimekuita wewe. Umeona au umesikia?”

“Nimeona pia. Aliniuliza unga wangu unatoka kinu gani. Nikamjibu. Mwezi haukupita, akarudi akaniuliza lile lile, kama vile hatujawahi kuongea.”

“Na siku ile aliporudi, ulisema moyoni kwamba hana akili?”

Hunaifu alikuna kidevu. Alikuwa mtu mkweli akiulizwa vizuri. “Siku ile, hapana. Nilidhani ni mzee anayependa mazungumzo. Baadaye niliposikia kwamba akili zimemtoka, ndipo nikaelewa kwa nini aliniuliza mara mbili.”

Kadhi akaiweka kalamu chini, akamtazama kwa mshangao kama mtu aliyeokota kitu asichokijua. “Kwa hiyo ulisikia kwanza, ndipo ukaona.”

“Ndiyo, Kadhi.”

“Ulisikia kwa nani?”

Hapo ndipo ugonjwa wake wa zamani ulipoamka. Alichukua karatasi kubwa, akaandika jina la Hunaifu upande mmoja, na jina la aliyemwambia pembeni yake, akaunganisha kwa mstari. Akaita wa pili, wa tatu, wa kumi. Kila mmoja alimuuliza maneno yale yale: umeona au umesikia, na kama umesikia, kwa nani? Wengine walikasirika. Mzee mmoja alimwambia waziwazi, “Kadhi, sisi ni watu arobaini wenye ndevu. Inawezekana sote tukakosea?” Kadhi akamwomba radhi kwa kumchosha, kisha akamuuliza alisikia kwa nani.

Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Siku ya pili alasiri aliitandaza karatasi mkekani, na hapo akaona jambo lililomfanya asahau hata maji aliyokuwa ameletewa. Katika watu arobaini, watatu tu walikuwa wameona kitu kwa macho yao, na walichokiona ni bibi kuuliza swali moja mara mbili. Waliobaki walisikia. Mistari yao ilipita kwa mwoka mikate, kwa mhudumu wa hamamu, kwa mke wa mshonaji, kisha yote ikarudi kwa mtu mmoja, kama matawi kwenye shina. Mtu huyo alikuwa Mufadhali, muuza manukato, rafiki wa karibu wa Kadhi mwenyewe.

Wanafunzi wa hadithi wanalijua jambo hili. Habari ikisimuliwa na watu mia, na wote mia wameitoa kwa mtu mmoja, basi hiyo ni habari ya mtu mmoja. Wingi wa wanaoirudia hauongezi kitu. Kadhi aliwahi kuyafundisha haya mara nyingi, lakini kuyaona yakitembea katika mji anaoishi kulimsisimua kama mtoto, akavaa viatu vyake mbio kwenda dukani kwa rafiki yake.

“Karibu, Kadhi,” Mufadhali alisema. “Nikupimie miski?”

“Nimekuja kuuliza jina moja tu. Nani alikuambia kwamba akili zimemtoka Bi Lubaba?”

Mufadhali akacheka, akidhani anataniwa. Alipoona mwenzake hacheki, naye akaacha. “Kadhi, si wewe mwenyewe?”

“Mimi?”

“Ijumaa ile ya mwezi wa Rajabu, mlangoni mwa msikiti. Alikuja akakuuliza jambo mbele yetu, ukamjibu, akaenda zake. Ukanigeukia ukasema, ‘Maskini, wiki iliyopita tu nilimjibu swali hilo hilo. Akili zimeshamtoka.’ Nami nikajisemea, kama ni Kadhi aliyesema, basi.”

 Kadhi akaketi juu ya kigoda bila kukaribishwa, kwa maana alikuwa amekumbuka, tena amekumbuka yote.

Bi Lubaba alikutana naye kwanza njiani, siku chache baada ya kufika mjini, wakiwa wawili peke yao. Akamuuliza, “Kadhi, ulihifadhi Kurani kwa muda gani?” Naye akamjibu kweli: “Miaka saba, mama, na viboko visivyo na idadi.” Alikuwa mtoto mzito wa kushika, na mwalimu wake alikata tamaa naye mara mbili. Wiki moja baadaye, mlangoni mwa msikiti, bibi yule yule akauliza swali lile lile. Lakini safari hii wakubwa wa mji walikuwa wamemzunguka, na ndio hao waliokuwa wakisimulia habari ya miaka miwili. Hakuianzisha yeye. Aliikuta tu inasemwa, akaona tabu kuikanusha. Basi akasema, “Miwili hivi.” Bibi akamtazama kidogo, akatikisa kichwa, akaenda. Mtazamo ule ulimchoma, na ili uache kumchoma alimgeukia Mufadhali akasema aliyoyasema.

Aliyasema mara moja, akayasahau. Mji ukayabeba.

Mufadhali aliuona uso wa rafiki yake ukibadilika, akasogea karibu. “Sikiliza, Kadhi. Kwenye karatasi yako andika jina langu na uishie hapo. Mimi ni muuza manukato, watu watasema Mufadhali domo lake refu, kesho watakuja kununua udi kama kawaida. Bibi atabaki na mjukuu wake, na wewe heshima yako itabaki. Nani atadhurika?”

Alisema kwa mapenzi, wala simlaumu sana. Na msidhani Kadhi alilikataa shauri lile papo hapo. Alikaa pale mpaka adhana ya magharibi akiligeuza huku na huku. Kadhi asiyeheshimiwa hukumu zake hazisikilizwi. Je, si kwa faida ya watu wenyewe? Nafsi ina hoja nzuri sana inapotaka kujificha. Kisha akainuka kwenda kusali, na sijapata mpokezi anayejua alichomwomba Mola wake katika sala ile.

Kesho yake baraza ilijaa mpaka nje. Kadhi aliinua karatasi yake. “Enyi watu,” alisema, “habari ya Bi Lubaba mmeileta arobaini, lakini imetoka katika mdomo mmoja. Mdomo wenyewe ni huu wangu. Mimi ndiye niliyesema.”

Watu wakaguna. Hunaifu akamtazama jirani yake. Mufadhali akainamisha kichwa. Bi Lubaba, aliyekuwa ameketi mbele na mjukuu wake, hakutikisika.

Kadhi alidhani amemaliza, kumbe ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Ghasani alisimama, na furaha ilionekana usoni mwake. “Basi shauri limekwisha, Kadhi! Sisi arobaini tungeweza kukosea, lakini wewe? Nani katika mji huu ana akili kukupita? Wewe uliyehifadhi Kurani kwa miaka miwili! Kama wewe umeona akili zake zimetoka, zimetoka.”

“Kweli!” watu wakaitikia. “Kweli kabisa!”

Subhanallah. Angalieni mtego ule ulivyokuwa. Kila alivyojitia hatiani, sifa yake ilimgeuza kuwa hoja. Alitaka kuufuta ushahidi, ukawa mkubwa kuliko ule wa arobaini, na mtoto alikuwa karibu kuchukuliwa kwa neno lile lile alilolitaja ili abaki na bibi yake. Njia iliyobaki ilikuwa moja, naye aliiona. Uso ukamwiva. Akamgeukia Bi Lubaba.

“Mama, Ijumaa ile uliniuliza nini? Waambie.”

Bibi akatazama chini. “Uliyonijibu ni amana, Kadhi. Sikuja hapa kutoa amana za watu.”

Alikuwa akimfungulia mlango wa kuponyoka. Mwanamke anayeporwa mjukuu wake alikuwa bado anaisitiri aibu ya anayemhukumu. Nafikiri hapo ndipo Kadhi alipopata jibu la kesi, kabla ya maelezo yote yaliyofuata.

“Basi nitasema mwenyewe,” alisema. “Aliniuliza nilihifadhi Kurani kwa muda gani. Mara ya kwanza, tukiwa wawili, nilimwambia miaka saba, na ndiyo kweli. Mara ya pili, mbele yenu, nilimwambia miwili, kwa sababu ndiyo mliyoizoea na ilikuwa tamu masikioni mwangu. Yeye hakusahau. Mimi ndiye niliyedanganya, nikaona haya, nikamtupia yeye aibu yangu. Akili mnayoniambia ninayo sijui mliipata kwa nani. Mngeulizana, huenda nayo mngekuta imetoka katika mdomo mmoja.”

 Kisha mmoja huko nyuma akacheka kwa pua, na watu wawili watatu wakainuka wakatoka. Kadhi alisikia kicheko na nyayo zile, na havikumpendeza. Lakini alikuwa bado na swali ambalo halikumpa raha tangu siku ya kwanza.

“Sasa mama, nisaidie mimi mwenye kupenda kujua. Habari ya watu kwamba huna akili imeanguka. Lakini kuanguka kwake hakuniambii kwamba unazo. Kwa nini unawauliza watu jambo moja mara mbili?”

Bi Lubaba akauweka mkongojo chini. “Marehemu baba yangu alikuwa mpokezi wa hadithi,” alisema. “Alisafiri mwezi mzima kwenda kumsikiliza mtu mmoja. Akishaambiwa, haandiki. Anakaa, kisha anarudi kumuuliza lile lile. Maneno yakilingana, anaandika. Yasipolingana, anamshukuru mwenyeji wake na kupanda punda. Mimi si msomi, Kadhi. Ni mzee, kifua changu kibovu, na nina mjukuu. Nilitaka kujua katika mji huu ni nani ambaye neno lake la leo ndilo la kesho, nikifa nimwachie mtoto. Nikaanza kuuliza vitu vidogo, kwa sababu mtu hajipangi kwa kitu kidogo.”

“Na majibu unayakumbuka?”

“Kwa nini nisiyakumbuke? Hunaifu alisema unga wake unatoka kinu cha juu, siku ya Jumanne, mvua inanyesha. Mara ya pili akasema kinu cha chini.”

Hunaifu akajifunika uso kwa ncha ya kilemba. Barazani kila mtu alikuwa ghafla anajaribu kukumbuka bibi yule alimuuliza nini na yeye alijibu nini, na wengi hawakuipenda hesabu waliyokuwa wakiipiga.

“Na Ghasani?” Kadhi akauliza kwa sauti ya chini. “Yeye ulimuuliza?”

“Nilimuuliza marehemu ndugu yake alipenda kula nini utotoni. Akasema boga lililopikwa kwa asali, akalia. Baada ya miezi mitano nikamuuliza tena. Akasema boga lililopikwa kwa asali, akalia tena.” Bibi akageuka akamtazama mfinyanzi. “Katika mji mzima nimepata majina matatu, mwanangu. Lako ni la kwanza. Mtoto ungepewa nikifa. Umeniharakisha tu.”

  Ghasani akaenda akapiga magoti mbele ya bibi, akaushika mkono wake na kuubusu, machozi yakimdondoka. Rumaisa akachungulia kutoka nyuma ya ushungi kumwona mtu mzima anayelia.

Kadhi akahukumu mtoto abaki na bibi yake, na baba yake mkubwa awe anawazuru kila siku ya Mungu. Ghasani akasema hata asingehukumiwa angefanya. Watu walipoanza kutawanyika, Kadhi alimwita Bi Lubaba kwa haya kidogo.

“Na mimi, mama? Jina langu limo?”

Bibi akamwangalia vizuri. “Umenipa saba, ukanipa miwili, na leo umenipa saba. Nitakuuliza mwakani.”

Tangu siku ile mji uligeuka. Watu wakaanza kusema kwamba Bi Lubaba ndiye mwenye akili kuliko wote katika Khurasani, na waliosema kwa sauti kubwa zaidi ni wale ambao hawakuwapo barazani. Yakimfikia Kadhi, alikuwa akimuuliza msemaji, “Umeona au umesikia?” Msemaji akinyamaza, Kadhi naye akinyamaza, wakaendelea na mambo mengine. Sifa zake mwenyewe zilipungua sana mwaka ule. Wasafiri hawakuambiwa tena habari zake. Inasemekana alilala vizuri.

Rajabu nyingine ikafika. Siku ya Ijumaa, mlangoni mwa msikiti, Kadhi alikuwa amesimama na wakubwa wa mji, na safari hii alikuwapo pia mjumbe wa gavana, mgeni wa heshima, ambaye hakujua lolote la mwaka uliopita. Watu wakapisha. Bi Lubaba alikuwa anakuja, amechoka zaidi kuliko zamani, Rumaisa amemshika mkono.

“Kadhi,” alisema, kama vile hawajawahi kuongea, “ulihifadhi Kurani kwa muda gani?”

Mjumbe wa gavana akageuka kusikiliza.

“Miaka saba, mama,” Kadhi alisema, “na viboko visivyo na idadi.”

Bibi akainama kwa mjukuu wake. “Umesikia, Rumaisa? Uhifadhi uso wake. Huyu ni wa nne.”

Ndugu zangu, mji ule ulimwita mmoja mwerevu na mwingine punguani, na haukumpima yeyote kati yao. Aliyepima alikuwa ni yule aliyedhaniwa hana kipimo, naye alifanya kwa miezi, kwa subira, mtu mmoja mmoja, na hakumtangaza aliyepungua. Kesho mkiambiwa fulani ana akili au fulani hana, kabla hamjaipokea habari hiyo na kuipitisha, ulizeni kidogo imetoka kwa nani. Nanyi msiwe wavivu wa kuniuliza hata mimi. Kisa hiki nimekisikia tu, sikukiona, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyokuwa.